Jeli ya Kuzima Moto Kutoka Angani: Inafaa Wapi, Inashindwa Wapi

Januari 2025, moto ulipoteketeza vitongoji vya Pacific Palisades na Altadena katika eneo la Los Angeles, picha zilizoenea duniani zilikuwa za ndege kubwa zikimwaga kitu chekundu chenye kuelekea uwaridi juu ya vilima na mapaa ya nyumba. Magari, barabara na bustani vilibaki vimepakwa rangi hiyo. Katika mijadala iliyofuata, kila kilichomwagwa na ndege kiliitwa kwa jina lolote lililomjia msemaji: povu, jeli, unga, kemikali. Wapo walioshika kwamba ile ni jeli inayozima moto papo hapo. Wapo walioshika kwamba ni sumu tupu. Wengine wakauliza kwa nini jeli isimwagwe kila mahali penye moto, mambo yakaisha.

Mkanganyiko huo una gharama. Ndege na kemikali hununuliwa kwa fedha za walipa kodi, na kelele za umma zina uzito katika kuamua kinachonunuliwa. Anayedhani kuna kimiminika kimoja cha ajabu kinachosubiri tu kumwagwa atadai kisichofaa, na atawalaumu wazimamoto kwa jambo lisilo kosa lao. Jeli ipo kweli, inafanya kazi kweli, na ina mahali pake. Lakini mahali hapo ni padogo kuliko matangazo ya watengenezaji yanavyodai.

Vitu vinne vinavyochanganywa

Ndege ya kuzimia moto inaweza kubeba maji matupu, maji yenye povu, maji yenye jeli, au dawa ya kuchelewesha moto. Vyote huonekana kama wingu moja linaloanguka, ila kazi zake ni tofauti.

Maji yanajulikana. Hupoza kwa kufyonza joto yanapogeuka mvuke, na kazi yake huisha yakishakauka. Povu la msituni ni maji yaliyotiwa kemikali ya jamii ya sabuni, ili yasiteleze juu ya majani makavu bali yapenye ndani ya takataka na magogo. Hili si lile povu la viwanja vya ndege la kuzimia mafuta, ambalo limejadiliwa sana kwa sababu ya kemikali zake zisizooza. Wengi huyachanganya, na lawama za povu la uwanjani huangukia kila kinachotoka kwenye ndege.

Dawa ya kuchelewesha moto ndiyo ile nyekundu ya Los Angeles. Kwa kukadiria, asilimia 85 yake ni maji, asilimia 10 ni chumvi ya fosfeti ya amonia, na inayobaki ni vizito, rangi na viungo vya kuzuia kutu. Chumvi hiyo ni ndugu wa mbolea ya DAP ambayo wakulima wetu hupandia mahindi. Wekundu ni wa oksidi ya chuma, umetiwa ili rubani aone alipomwaga. Jambo kubwa hapa ni kwamba maji ya dawa hii ni mbebaji tu. Yakikauka, fosfeti hubaki juu ya jani, na joto likifika huilazimisha mimea igeuke mkaa na mvuke wa maji badala ya kutoa gesi zinazowaka. Dawa huendelea kufanya kazi ikiwa kavu, siku nyingi, mpaka mvua iioshe.

Jeli ni kinyume chake. Haina kemikali inayobadilisha namna mti unavyoungua. Kazi yake yote ni kuyashika maji yasikimbie. Maji yakiisha, jeli nayo imekwisha. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa ubishani wote unaofuata.

Ndani ya jeli

Kiungo kikuu cha jeli nyingi ni polima inayofyonza maji kwa wingi kupita kiasi, ya jamii ya poliakrileti ya sodiamu. Ndiyo iliyomo ndani ya nepi za watoto za kutupa. John Bartlett, mzimamoto wa Florida nchini Marekani, aligundua kwamba katika takataka zilizoteketea nepi zilikuwa zimesalia bila kuungua, na kutokana na hilo ikazaliwa katika miaka ya 1990 jeli iliyouzwa kwa jina la Barricade. Baadaye zikaja nyingine sokoni, zikiwemo Thermo-Gel na FireIce.

Polima ikiingia majini, kila chembe huvimba na kuwa kitone kilichojaa maji. Vitone hivyo hupangana tabaka juu ya tabaka. Joto la moto hulazimika kuchemsha tabaka la nje kwanza, kisha linalofuata, huku yaliyo ndani yakibaki na ubaridi. Kilo moja ya maji, kutoka joto la kawaida hadi kuwa mvuke wote, hufyonza karibu megajuli 2.6. Jeli haiongezi kiasi hicho hata chembe. Inachofanya ni kuhakikisha maji yanakuwepo mahali pale moto unapofika, badala ya kuwa yametiririka ardhini au yamekaushwa na upepo.

Faida ya pili huonekana hewani. Maji matupu yakiachwa na ndege hupasuliwa na upepo kuwa manyunyu madogo, na sehemu yake hupeperuka au kukauka kabla ya kugusa ardhi. Maji mazito ya jeli huanguka kwa matone makubwa, hutua karibu na palipolengwa, na hung'ang'ania kwenye majani, ukuta na hata kioo cha dirisha. Katika nchi kavu yenye upepo, hiyo si faida ya kubezwa.

Muda wake ndio wenye utata. Siku ya ubaridi na unyevu, jeli iliyopakwa nene hudumu saa kadhaa, na ikinyunyiziwa maji tena hufufuka. Siku ya jua kali, hewa kavu na upepo, ambayo ndiyo siku moto mkubwa hutokea, jeli nyembamba iliyomwagwa na ndege yaweza kukauka ndani ya saa moja au chini yake.

Kutoka borate hadi jeli

Utafutaji wa kitu bora kuliko maji ni wa zamani kama ndege zenyewe za kuzimia moto. Agosti 1955, rubani Vance Nolta wa Willows, California, alimwaga maji kutoka ndege ndogo ya shambani juu ya moto katika msitu wa Mendocino, na huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa huduma hiyo nchini Marekani. Mara moja tatizo likajulikana: maji yalipotea hewani na kukauka haraka. Wakatia borate ya sodiamu na kalsiamu. Ilizuia moto vizuri, lakini iliua udongo, mimea isiote tena, ikaachwa. Wakajaribu udongo laini wa bentoniti, ambao huyafanya maji kuwa mazito. Huo ulikuwa, kwa maana halisi, mtangulizi wa jeli ya leo, na ulikuwa na udhaifu uleule: ukikauka umekwisha.

Fosfeti za amonia zilishinda katika miaka ya 1960 kwa sababu hiyo moja, kwamba hazikuhitaji kubaki na unyevu. Tangu hapo mfumo mzima wa Marekani ulijengwa kuzizunguka: vituo vya kuchanganyia dawa viwanjani, matangi ya ndege, mafunzo ya marubani na mikataba. Jeli ilipofika ilikuta nyumba imeshapangwa. Sehemu ya ugumu wake wa kupenya ni ya kisayansi. Sehemu nyingine ni ya mazoea na biashara, na haki inataka tuseme hivyo.

Wanaoitetea jeli wanasema nini

Hoja yao ya kwanza ni kasi. Ndege ya injini moja aina ya Air Tractor AT-802F hubeba takriban lita 3,000. Ile yenye maboya huchota maji ziwani ikiwa mwendoni na kuchanganya jeli humo humo tangini, kisha hurudi kwenye moto bila kutua. Ndege ya dawa nyekundu lazima irudi kwenye kituo chenye mtambo na wafanyakazi. Kituo kikiwa mbali, ziwa likiwa karibu, ndege ya jeli itamwaga mara nyingi wakati mwenzake yuko njiani. Na moto mdogo unaoshambuliwa mapema ndio unaozimika. Marekani, sehemu kubwa sana ya moto wa porini, takriban asilimia 97 hadi 98, hukamatwa katika shambulio la kwanza. Ile michache inayoponyoka ndiyo inayojaza magazeti.

Pili, jeli hufaa kulinda vitu. Ikipakwa ukutani na kwenye paa saa chache kabla ya moto kufika, huipa nyumba nafasi ya kupona. Hapa sayansi inasonga mbele. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Eric Appel, walieleza jeli ya selulosi na silika ambayo maji yake yakiisha hubaki povu gumu jepesi linaloendelea kuzuia joto. Katika jaribio la maabara la kuelekeza mwali kwenye ubao, jeli hiyo ililinda kwa zaidi ya dakika 7, wakati jeli ya dukani haikufikisha dakika moja na nusu. Ni matokeo ya kutia moyo sana, kwa kuwa yanagusa udhaifu mkuu wa jeli. Ila ilipakwa kwenye mbao kwa mkono. Haikumwagwa kutoka angani.

Tatu, wanasema jeli haina fosfeti wala amonia, kwa hiyo hairutubishi mito hadi kuota mwani wala haiui samaki kwa amonia.

Wanaoitilia shaka

Upande wa pili hauikatai jeli. Unauliza maswali ya kazini.

Kwanza ni muda. Kazi kubwa ya ndege katika moto uliokwisha kukua ni kuchora mstari mbele ya moto, mbali nao, ili watu wa ardhini waukamilishe na moto uje kuukuta baada ya saa sita, kumi na mbili, au kesho yake. Jeli haiwezi kazi hiyo. Mstari uliochorwa saa nne asubuhi utakuwa umekauka moto ukifika saa tisa alasiri. Jeli humwagwa juu ya ndimi za moto au pembeni kabisa mwao, na anayeimwaga lazima awe na uhakika kwamba kikosi cha ardhini kitafika kabla haijakauka.

Pili ni maji yenyewe. Polima hizi hunywea zikikutana na chumvi. Maji ya bahari hupunguza sana uwezo wake wa kuvimba, na maji magumu yenye kalsiamu nyingi nayo huuharibu mchanganyiko. Kwa hiyo zile ndege za manjano zilizoonekana zikichota maji Bahari ya Pasifiki wakati wa moto wa Los Angeles zisingeweza kutegemea jeli ya kawaida. Jambo hilo halitajwi katika matangazo, na kwa nchi zenye maziwa ya magadi ni la kuzingatiwa kabla ya jingine lolote.

Tatu ni usumbufu. Jeli hutengeneza ute wa kuteleza. Mzimamoto anayepanda mteremko mkali akiwa na msumeno wa moto mkononi hataki ardhi yenye utelezi. Mabaki yake huziba pampu na valvu yasiposafishwa vizuri. Mchanganyiko ukiwa mzito mno hautawanyiki, ukiwa mwepesi mno ni maji ya bei ghali. Tena jeli isiyotiwa rangi haionekani kutoka juu, rubani anayefuata hajui mwenzake aliishia wapi.

Kuhusu mazingira, usafi wa jeli umetiwa chumvi. Polima yenyewe haina sumu kali, lakini huoza polepole sana, na jeli nyingi za maji huja zikiwa ndani ya mafuta na viungo vya jamii ya sabuni ambavyo samaki hawavivumilii. Ndiyo maana Idara ya Misitu ya Marekani huzipima kwa samaki aina ya trauti kabla ya kuziidhinisha, na ndege zake hukatazwa kuzimwaga ndani ya futi 300, karibu mita 90, kutoka kwenye mto au ziwa, kama ilivyo kwa kemikali nyingine za moto. Anayesema jeli haina madhara anajibu swali la fosfeti na kuliacha la sabuni.

Deni la dawa nyekundu

Kama jeli ina dosari zote hizo, kwa nini mjadala hauishi? Kwa sababu mshindani wake ameanza kuhesabiwa gharama zilizokuwa zimefichika.

Shirika la wafanyakazi na wastaafu wa Idara ya Misitu wanaotetea maadili ya mazingira liliishtaki idara hiyo kwa kuangusha dawa nyekundu majini bila kibali. Ilikubalika kwamba kwa muda wa mwongo mmoja dawa iliangukia mitoni zaidi ya mara 200. Mei 2023 Jaji Dana Christensen wa mahakama ya shirikisho huko Montana aliamua kwamba idara imevunja sheria ya maji safi, lakini akakataa kuzuia ndege zisiruke, kwa kuwa kuzizuia kungehatarisha maisha na mali. Idara ikatakiwa iombe kibali huku kazi ikiendelea. Naiona hukumu hiyo kuwa ya busara: ilitaja kosa waziwazi bila kuwanyang'anya wazimamoto chombo katikati ya vita.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, akiwemo Daniel McCurry, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba dawa hizi zina metali nzito, zikiwemo kadimiamu, kromiamu na vanadiamu, na wakakadiria kwamba kati ya 2009 na 2021 kilo 380,000 hivi za metali zilimwagwa Marekani kwa njia hiyo. Watengenezaji wamejitetea kwamba kiasi kinachofika mahali pamoja ni kidogo na kwamba dawa zao za sasa zimebadilishwa. Hoja ya kiasi ina ukweli wake. Lakini mtu anayekunywa maji ya kijito cha mlimani ana haki ya kujua kilichomwagwa juu yake.

Jaribio la kuleta dawa mbadala ya chumvi ya kloridi ya magnesiamu liliishia pabaya. Mwaka 2024 Idara ya Misitu iliachana nayo baada ya kutu kuonekana kwenye ndege zilizoitumia. Ndege iliyoliwa na kutu huua marubani, na taifa linalokumbuka mwaka 2002, ndege mbili kongwe za kuzimia moto zilipokatika mabawa hewani na kuua watu watano, haliwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Kila badiliko la kemikali ni badiliko la usalama wa chombo.

Mpaka ambao kemikali haiuvuki

Hadi hapa tumelinganisha kimiminika na kimiminika. Swali kubwa zaidi ni kama kimiminika chochote kutoka angani kinaweza kuuzuia moto unaotutisha.

Nguvu ya moto hupimwa kwa kilowati zinazotolewa na kila mita ya mstari wake wa mbele. Mwongozo unaotumika Marekani unasema ndimi zikiwa chini ya mita 1.2, nguvu yake karibu kilowati 350 kwa mita, watu wenye majembe na mapanga wanaweza kuukabili. Zikifika mita 2.4, karibu kilowati 1,700, inatakiwa mitambo na ndege. Zikizidi mita 3.4, karibu kilowati 3,500, kuushambulia usoni hakufai kitu. Sasa fikiria moto wa kilowati 10,000 kwa mita, ambao si wa ajabu msituni siku ya upepo. Kila mita yake hutoa megajuli 10 kila sekunde. Kwa kuwa kilo ya maji hufyonza megajuli 2.6, ungehitaji karibu lita 4 kwa kila mita, kila sekunde, na pasipotee hata tone. Moto wa Jumamosi Nyeusi uliochukua roho 173 katika jimbo la Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009 ulifikia makumi ya maelfu ya kilowati kwa mita. Hakuna jeli inayobadilisha hesabu hiyo.

Hesabu ya urefu nayo inafundisha. Nyasi huhitaji kama lita 0.4 za dawa au jeli kwa mita ya mraba, msitu mzito wenye magogo karibu lita 3. Kwa mstari wa upana wa mita 10, lita 3,000 za ndege ndogo hutosha mita 750 za nyasi, lakini mita 100 tu za msitu. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kazini ni pungufu.

Kisha kuna upepo. Usiku wa tarehe 7 Januari 2025 huko Los Angeles, pepo zilizovuma zaidi ya kilomita 100 kwa saa zililazimisha ndege zishushwe, na ni katika saa hizo nyumba ziliteketea mtaa kwa mtaa. Zaidi ya majengo 16,000 yaliangamia na watu wasiopungua 30 walikufa. Dawa nyekundu tuliyoiona kwenye picha ilimwagwa zaidi baada ya upepo kupungua. Ndege hukosekana saa ile inapohitajika kuliko zote, na ubora wa kilichomo tangini haubadilishi hilo.

Australia ilijifunza upande mwingine wa jambo hili. Baada ya Jumamosi Nyeusi, ndege kubwa ya DC-10 yenye uwezo wa kubeba zaidi ya lita 35,000 ilikodishwa kwa majaribio msimu wa 2009 na 2010. Tathmini ya wanasayansi wa CSIRO, shirika la utafiti la taifa hilo, ilisema haikufaa kwa mazingira mengi ya huko, hasa karibu na makazi. Ukubwa haukuwa jibu. Na mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliikosoa Idara ya Misitu kwa kuendesha ndege kwa miongo mingi bila kukusanya takwimu za kutosha kuonyesha zinafaa kiasi gani. Utafiti uliofuata, uliotolewa 2020, ulikuwa hatua njema, lakini ni jambo la kusikitisha kwamba umma ulisubiri zaidi ya nusu karne kuupata.

Nyumba nazo, kwa mujibu wa kazi ya miaka mingi ya mwanasayansi Jack Cohen, mara nyingi huwashwa na cheche zinazopeperushwa na kuingia kwenye mapaa, mabomba ya maji ya mvua na majani makavu yaliyorundikana ukutani. Kinachoamua ni hali ya nyumba yenyewe na mita 30 zinazoizunguka. Mwenye nyumba aliyefyeka na kufagia ameshafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo jeli ingeombwa kuifanya kwa dharura.

Kilimanjaro na swali la ndege

Swali la ndege liliulizwa Tanzania kwa uchungu Oktoba 2020, moto ulioanza tarehe 11 eneo la Whona, kwenye njia iliyo kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ulipounguza karibu kilomita za mraba 95 za Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanakijiji, walipanda kupambana nao kwa matawi, majembe na mapanga. Oktoba 2022 moto ukazuka tena, upande wa kambi ya Karanga. Mara zote mbili watu waliuliza: ndege ziko wapi?

Uchungu huo una haki. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilisema moto umeangamiza hekta 13,000 za msitu wa Kilimanjaro tangu 1976, na kwamba maji ambayo msitu huo ungekamua kutoka kwenye mawingu yangetosha watu milioni moja kwa kunywa mwaka mzima. Anayelia kwa ajili ya msitu wa Kilimanjaro analilia mifereji ya Wachaga na mashamba ya bonde la Pangani.

Lakini tuupime mlima wenyewe. Mita 4,000 juu ya bahari, uzito wa hewa ni karibu theluthi mbili ya ule wa pwani. Helikopta hupoteza nguvu ya kunyanyua, na mzigo wa maji lazima upunguzwe. Ndege ya kuchota maji huhitaji uso wa maji ulio wazi kwa zaidi ya kilomita moja. Bwawa la Nyumba ya Mungu lipo, ila liko kusini, tambarare, karibu mita 700 tu juu ya bahari, na kila mzigo ungepandishwa karibu kilomita tatu kwenda juu. Ziwa Chala liko karibu zaidi, lakini ni shimo la volkano lililozungukwa na kuta. Kisha juu huko huungua vichaka vya erika juu ya udongo wenye mboji, ambako moto hujificha chini na kufuka upya. Jeli hukaa juu ya majani. Kinachofukuta chini ya mizizi huzimwa kwa jembe na maji mengi.

Dawa nyekundu nayo ina tatizo lake hapa. Msitu huu ni chanzo cha maji, umejaa vijito, na kuzingatia mita 90 kutoka kila kijito kungeacha nafasi ndogo ya kumwaga. Kati ya vimiminika viwili, jeli ndiyo ingekuwa na heri kidogo, hasa pembezoni mwa msitu wa chini, karibu na vijiji, penye barabara na watu wa kufika haraka.

Mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi ni kisa tofauti. Ardhi si ya juu sana, barabara zipo, miti ina thamani inayohesabika kwa fedha, na njia za kuzuia moto pamoja na minara ya ulinzi ni sehemu ya kazi ya kila siku. Ndege ndogo ya kilimo iliyofungwa tangi la kuzimia moto, yenye jeli, ingeweza kulipa gharama yake pale kabla ya kulipa Kilimanjaro. Anayetaka kuijaribu Tanzania aanzie huko.

Tukiziweka kwenye mizani

Jeli ni bora kuliko maji matupu karibu kila mahali ambapo maji baridi yasiyo na chumvi yapo, ndege ni ndogo na ya haraka, moto ni mchanga, na kikosi cha ardhini kinafika ndani ya saa moja. Kulinda jengo lililo njiani mwa moto, hasa kwa kupulizwa kutoka chini, haina mshindani wa kweli. Katika kazi ya kuchora mstari mrefu wa kusubiri moto, dawa nyekundu bado inaishinda kwa mbali, na wanaoitangaza jeli kama mrithi wake wanawapotosha wanunuzi. Kwa upande wa mazingira, jeli ina madhara machache zaidi, ila si safi, na inastahili masharti yaleyale ya kumwagwa mbali na mito.

Hakuna kati ya vyote viwili kinachosimama bila watu. Kilichomwagwa na ndege hupunguza kasi ya moto, kisha mtu mwenye jembe ndiye anayeuzima. Asipofika, moto huzunguka mwisho wa mstari au hungoja ukauke. Ndege inayonunuliwa kwa kukata fungu la vikosi vya ardhini ni ndege inayomwaga fedha.

Kwa nchi zetu, mpangilio wa matumizi uwe wazi. Kwanza vikosi vya kudumu, vyenye mafunzo, viatu, redio na posho, si watu wa kuitwa moto ukishawaka. Pili, kuchoma mapema kwa mpango mwanzoni mwa kiangazi katika nyika na miombo, nyasi zikiwa bado na unyevu, pamoja na kufyeka njia za moto na kukaa na warina asali, wafugaji na wapagazi ambao moto wao mdogo ndio unaoponyoka. Tatu, kuona moto mapema, kwa minara na kwa picha za satelaiti. Baada ya hayo ndipo ndege ndogo au helikopta ya mkataba wa msimu, na jeli ndani yake, ichanganywe na maji yaliyokwisha kupimwa chumvi na ugumu.

Wabunge na wakuu wa hifadhi watakapoletewa pendekezo la kununua ndege na jeli, wamwulize muuzaji mambo matatu kabla ya kutia saini: jeli hii hudumu dakika ngapi katika jua na upepo wa Oktoba kwenye mlima wetu, itachanganywa na maji ya wapi, na nani atakuwa ardhini inapotua. Asipokuwa na majibu yenye vipimo, fedha hizo ziende kwa vikosi vya ardhini.